Ndege wa Porini Katika Kundi la Kuku wa Nyumbani

Mazungumzo kwa makatibu na wanachama wa vyama vya msingi, Mkoa wa Singida



Ufikapo mwezi wa Agosti, madimbwi ya mbugani yanapokauka na vichaka kupukutisha majani, hutokea mfugaji akawahesabu kuku wake asubuhi akapata hesabu izidiyo ile ya jana. Kati ya kuku ishirini waliotoka mlangoni mwa tembe amesimama wa ishirini na mmoja, mwenye manyoya meusi yaliyonyunyiziwa madoa meupe, shingo ya buluu isiyo na manyoya, na pembe ndogo utosini. Huyo ni kanga. Hakuitwa na mtu wala hakununuliwa. Amekuja kunywa maji katika kigae cha kuku, akadonoa punje za mtama zilizomwagika penye kinu, na jua lilipokuwa kali akajilaza kivulini pamoja na matetea kana kwamba alizaliwa hapo.

Jambo hili ni la kawaida katika vijiji vya Iramba, Mkalama, Ikungi, Manyoni na Singida Vijijini, na kwa kuwa ni la kawaida, ni wachache walifikirialo. Walakini lina mambo matatu ndani yake yanayogusa mfuko wa mwanachama: mali, sheria na maradhi. Mazungumzo haya yatakaa zaidi juu ya hilo la tatu, kwa maana ndilo limalizalo mabanda.

Kwanza yafaa kueleza kwa nini ndege wa porini huja. Kanga si ndege wa kukaa peke yake. Huishi kwa makundi, hutembea kwa mstari kwenda majini, na jioni hupanda mtini pamoja. Kundi likivunjwa na mbwa wa wawindaji, au na nguchiro, au na ukame wenyewe, yule aliyepotelewa na wenzake hutafuta kundi lingine lo lote, na kundi lililo karibu ni la kuku. Hapo hupata maji, chakula na macho mengi ya kumwona mwewe. Naye hulipa kodi yake, kwani hakuna mlinzi mwenye kelele kama kanga: nyoka akipita, au mgeni akikaribia usiku, boma zima hujua. Mvua zinapoanza, mwezi wa Novemba au Desemba, aghalabu huondoka kwenda kutafuta mwenziwe na kutaga, na mwenye boma huona kwamba ameibiwa, hali hakuibiwa kitu.

Kwale naye huja, ila huishia ukingoni mwa shamba na hutoroka mtu akikohoa. Tetere na njiwa huja kwa makundi na kuondoka kwa makundi. Kunguru na mwewe huja pia, lakini hao hawaji kwa urafiki, nao hawahusiki na mazungumzo ya leo.

Wako watakaoshangaa kwamba ndege wa porini anaweza kujileta mwenyewe kwa binadamu. Wakumbuke kwamba kuku mwenyewe alianza hivyo hivyo. Asili yake ni kuku-mwitu wa misitu ya kusini-mashariki ya Asia. Mwaka 2022 wataalamu wa mambo ya kale walitangaza matokeo ya kuchunguza mifupa ya kuku kutoka nchi nyingi, na mifupa ya zamani zaidi waliyoikubali kuwa ya kuku wa kufugwa ilitoka Ban Non Wat, katika Thailand, ya kati ya mwaka 1650 na 1250 kabla ya Kristo. Maelezo yao ni kwamba watu walipoanza kulima mpunga na mawele, kuku-mwitu walishuka kutoka msituni kufuata nafaka, wakazoea, wakabaki. Kwa hiyo yule kanga apekuaye makapi ya uwele katika boma la Singida anafanya lile lile lililofanywa na babu wa jogoo wa Singida. Kanga pia amefugwa tangu kale. Wayunani na Warumi walimjua, na Afrika Magharibi, katika nchi kama Burkina Faso, Ghana na Nigeria, ufugaji wake ni kazi ya kila siku ya wakulima.

Hili huleta swali la mali, na pamoja nalo swali la mayai. Wafugaji wengi hujaribu kumwatamisha kuku mayai ya kanga, kisha hulalamika kwamba mayai ni mabovu. Mara nyingi mayai hayana kosa. Yai la kuku huanguliwa kwa siku 21. La kanga hutaka siku 26 hadi 28. Yakichanganywa siku moja chini ya kuku mmoja, vifaranga vya kuku hutoka kwanza, mama huinuka kuviongoza, na mayai ya kanga huachwa yapoe huku mtoto ndani yamebaki siku chache tu atoke. Atakaye kuyachanganya hana budi kuweka yale ya kanga kwanza, na ya kuku aongeze baada ya juma moja. Akipata vifaranga vya kanga, avifiche umande wa asubuhi, kwani kifaranga cha kanga kikilowa hufa upesi kuliko cha kuku, na avipe mchwa kwa wingi katika majuma ya kwanza. Juu ya madai kwamba kanga akikaa na jogoo watazaliwa ndege wa aina mpya wa kufanyia biashara, ukweli ni kwamba chotara wa namna hiyo hutokea kwa nadra sana, naye ni tasa. Hapo hakuna biashara.

Lakini kanga huyo ni wa nani? Sheria ya Kuhifadhi Wanyamapori ya mwaka 2009, iliyochukua nafasi ya ile ya mwaka 1974, yasema kwamba wanyamapori wote katika Tanzania ni mali ya umma, nao wamewekwa chini ya Rais kama mdhamini kwa niaba ya wananchi. Kuwinda au kukamata kwataka kibali. Kanga aliyejileta uani hakubadilika kuwa mali ya mwenye ua kwa sababu amekula mtama wake. Majirani wawili wakigombana, huyu akisema “amelala mtini kwangu” na yule “amekula kwangu tangu Julai,” wote wawili wanagombania kisicho chao. Katibu akiletewa shauri la namna hii asilitie katika ajenda ya kamati. Awaelekeze wahusika kwa ofisi ya wanyamapori ya wilaya, na huko huko aelekezwe yule atakaye kuokota mayai porini au kuanza ufugaji wa kanga kwa taratibu. Kwa hali yo yote, kanga wa porini asiingizwe katika tenga la kuku wa chama waendao sokoni. Gari likikaguliwa njiani, aibu na gharama havitakuwa vya mtu mmoja.

Sasa, ndugu wanachama, yafuata lile la maradhi.

Katika vijiji mna maneno ya aina mbili juu ya ndege wageni. Wengine husema kanga akihamia kwako ni baraka. Wengine husema ndiye aletaye mdondo, na wakimwona humpiga mawe. Mdondo, ambao sehemu nyingine huitwa kideri, haustahili kuelezwa kirefu kwa watu wa Singida. Kuku husinzia, hushusha mbawa, huharisha kijani, hukohoa, na wale wasiokufa mapema hupindika shingo. Ukiingia katika kundi lisilochanjwa waweza kuua karibu wote kwa majuma mawili, na jembe ndilo hufanya kazi ya kuwazika. Familia iliyotegemea kuuza matetea sita ili kununua sare za shule au kulipia matibabu hubaki na vigae vitupu. Kuku wa Singida wana jina zuri huko Dar es Salaam, lakini jina hilo halimsaidii mtu asiye na kuku.

Je, kanga ndiye aletaye? Jibu la haki ni kwamba anaweza, ila mara nyingi siye. Virusi vya mdondo huweza kuingia katika ndege wa aina nyingi mno, kanga, kwale na njiwa wakiwamo. Hata hivyo, katika vijiji vya Afrika ugonjwa huu hudumu kwa kupita kutoka kuku hadi kuku, na gari lake kubwa ni binadamu. Mchuuzi wa baiskeli hununua kuku watatu katika boma hili, huwafunga juu ya tenga lenye kinyesi cha mnada wa jana, kisha huingia boma la pili. Mwenye kuku anayeona wawili wamesinzia hukimbia kuwauza kumi waliobaki kabla hawajafa, na kumi hao hupeleka ugonjwa vijiji vitano. Mgeni huletewa jogoo wa zawadi, na jogoo huyo huachwa siku hiyo hiyo achanganyike na wenyeji. Kwa hiyo yule anayempiga mawe kanga huku akimkaribisha mchuuzi mwenye tenga chafu amefunga dirisha na kuuacha mlango wazi. Yamkini kanga mwenyewe aliambukizwa na kuku wa boma alilotembelea jana.

Haimaanishi kwamba ndege wa porini wapuuzwe. Lipo tukio la Uingereza ambalo lingefaa kubandikwa katika ukuta wa kila ghala. Mwishoni mwa miaka ya 1970 namna moja ya virusi vya mdondo ilianza kuenea kati ya njiwa katika Mashariki ya Kati, ikafika Ulaya mwanzoni mwa miaka ya 1980. Mwaka 1984 kuku wa mashamba mengi ya Uingereza waliugua.  Uchunguzi ulirudi nyuma hadi kwenye maghala ya chakula cha mifugo katika bandari ya Liverpool, ambako njiwa wagonjwa walikuwa wamejenga darini na kunyea nafaka. Nafaka hiyo ikasagwa, ikatiwa katika magunia, ikasafirishwa. Njiwa hawakuhitaji kuvuka ua wa shamba; kinyesi chao kilifika.

Makatibu watafakari maghala ya vyama vyao. Ni ghala ngapi zenye bati lililong’oka na tundu chini ya kenchi ambamo njiwa huingia na kutoka kama wenye hati ya kumiliki? Mtama uliopigwa chini, chenga za mahindi, mashudu ya alizeti: vyote hivi mwanachama hununua au hupewa kwa ajili ya kuku wake, naye huvichukua akiamini kwamba vimetoka mahali salama. Wavu wa tundu dogo penye matundu ya juu, na turubai juu ya mafungu ya nafaka, si gharama ya kujadiliwa katika mikutano miwili. Mafagio ya ghalani yasichaguliwe kuwa chakula cha kuku bure kwa sababu tu yana punje.

Walio jirani na maziwa ya Singidani na Kindai, na mabwawa mengine ya mkoa, wana jambo la ziada. Huko hukusanyika heroe, ambao wengi huwaita flamingo, pamoja na mabata na ndege wa pwani wanaohama kutoka Ulaya na Asia, wafikao Afrika Mashariki kati ya Oktoba na Aprili. Mwezi wa Januari 2017 homa kali ya mafua ya ndege ilithibitishwa nchini Uganda. Ndege wa porini walionekana wamekufa ukingoni mwa Ziwa Victoria huko Lutembe, karibu na Entebbe, na ugonjwa ukapatikana pia kwa ndege wa kufugwa. Mfugaji wa bata aliye karibu na ziwa basi asiwaache bata wake kuogelea na kulala pamoja na bata wa porini. Ndege wa majini wakionekana wamekufa kwa wingi, watoto wasiwaokote, mbwa wasipewe, na habari zifike kwa bwana mifugo siku hiyo hiyo. Hapa haraka ni bora kuliko uhakika.

Kuna kifo kingine ambacho si cha ugonjwa. Kwelea kwelea wanaposhambulia mtama na uwele, serikali huleta eropleni kunyunyizia dawa ya sumu mahali walalapo. Kwelea walioanguka hapo ni nyama yenye sumu. Asiwalishe mtu kuku wake, na zaidi ya hayo asile mwenyewe, hata kama jirani amekula jana na leo ni mzima.

Dawa ya kutibu mdondo hakuna; yule auzaye vidonge mnadani akisema vinautibu anauza vidonge tu. Iliyopo ni chanjo. Zile za zamani zilitaka jokofu kutoka kiwandani hadi kijijini, na kwa hiyo hazikumfaa mtu wa Mgori au wa Itigi vijijini. Hali ilibadilika ilipopatikana chanjo iitwayo I-2, iliyotokana na kazi ya wataalamu wa Chuo Kikuu cha Queensland huko Australia, na ambayo Tanzania ilianza kuitengeneza yenyewe katika maabara ya mifugo ya Temeke. Hii huvumilia joto zaidi. Huvumilia, lakini haipendi jua: hubebwa katika kitambaa kilicholowa au kikapu chenye kivuli, na haiachwi juu ya dashibodi ya gari. Tone moja jichoni latosha, jicho moja tu, kwa jogoo mkubwa na kwa kifaranga cha jana sawasawa. Hurudiwa kila baada ya miezi mitatu au minne, kadiri bwana mifugo aelekezavyo. Hupewa ndege wazima. Kundi ambalo tayari linasinzia limekwisha chelewa.

Hapa ndipo kazi ya ushirika inapoonekana, na hapa ndipo yule kanga anarudi katika hesabu. Chupa moja ya chanjo hutosha kuku wengi kuliko walio katika boma moja, nayo ikiisha kuchanganywa hutumika siku hiyo tu. Mwanachama mwenye kuku kumi na wanne akiinunua peke yake, hutumia matone kumi na manne na kumwaga yaliyobaki, na mara ya pili hainunui. Tena hata akichanja, kanga mmoja aweza kunywa katika vigae vya maboma manne kabla ya saa sita mchana. Huyo kanga amekwisha yaunganisha makundi manne kuwa kundi moja, wenye kuku wakitaka au wasitake. Boma moja lililoachwa bila chanjo katikati ya matatu yaliyochanjwa ni mahali pa ugonjwa kupumzikia.

Kwa hiyo chama kiweke siku moja kwa kitongoji kizima, na ile ya lazima zaidi iwe mwezi wa Mei, kabla ya kiangazi kuleta mdondo na ndege wenye kiu. Katibu aandike katika daftari jina la kila mwenye kuku, mwanachama na asiye mwanachama, na idadi ya kuku kama ilivyohesabiwa wakiwa ndani alfajiri, wala si kama mwenyewe akumbukavyo. Michango ikusanywe juma moja kabla. Wachanjaji wachaguliwe watu wawili kwa kila kitongoji. Kina mama, ambao ndio hasa wawajuao kuku mmoja mmoja, wasisahauliwe katika uchaguzi huo kama ilivyo desturi mbaya ya vyama vingi. Kazi ianze kabla mlango wa tembe haujafunguliwa. Mchuuzi wa matenga aambiwe mapema kwamba kwa majuma mawili baada ya siku hiyo hatanunua kijijini, ili kinga ipate kuingia mwilini kabla ugonjwa haujaletwa.

Na kanga? Hashikiki, wala haifai kumkimbiza. Bwana mifugo akikubali, sehemu ya chanjo huchanganywa na maji na kuwekwa katika kigae safi alfajiri hiyo, vigae vingine vyote vikiwa vimeondolewa tangu jioni. Kinga ya majini ni hafifu kuliko ya tone la jicho, kwa hiyo kuku asinyimwe tone kwa sababu ya kigae. Maji yawe ya kisima au ya mvua, yasiyotiwa dawa, kwa maana dawa ya maji ya bomba huiua chanjo. Mtu mmoja akae mbali kidogo na kuangalia mpaka kanga awe amekunywa, kisha kigae kioshwe na kuanikwa juani, na saa iandikwe katika daftari.